Miezi ya Pacha

Jumatatu, 3 Machi

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu nifike hapa. Siku yangu ya kwanza katika kituo hiki cha utafiti wa nafaka, mwaka juzi, dada mmoja nisiyemjua, mwenye koti jeupe lililomzidi mabega, alinivika hedifoni bila hata kunisalimu, akachomeka kipaza sauti chembamba kama sindano ndani ya chupa ya mahindi.

"Sikiliza."

Nilisikia mchakacho mdogo, mkavu, kama mtu anayekanyaga majani polepole katika chumba cha mbali. Nikauliza ni nini.

"Wanakula," akasema. "Ukizitazama punje unaziona nzima, zinang'aa. Wao wako ndani."

Huyo ndiye Pacha. Tulisaini mikataba siku moja na tukapewa dawati moja, maana la pili lilikuwa bado kwa fundi. Karani akatuita mapacha. Kwangu jina halikushika, kwake liliganda.

Naanza tena shajara kwa sababu mvua za msimu zimeanza leo, na kwa sababu Pacha kanipa habari ambayo siwezi kumwambia mtu. Tulikuwa chumba cha chupa, tunawachekecha fukusi wake, wale wadudu wala punje.

"Nina mimba," akasema, hakuinua hata uso.

"Ya nani?" Swali la kipumbavu limenitoka kabla sijalifikiri.

"Ya mume wangu, wewe! Alikuja kunitembelea mwaka mpya, akaniachia zawadi." Akacheka mpaka chekeche ikamponyoka, fukusi wakamwagika mezani, tukawakimbiza kwa brashi. Kisha akaacha kucheka. "Nitamwambiaje Mama Ibara?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mama Ibara, msimamizi wetu, ni mtu wa haki.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Unyevu ghalani umepanda. Sharubu, mwenzetu wa tatu, kateleza uwanjani na gunia mgongoni, akabaki amelikalia kama mfalme.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike vizuri kuhusu Mama Ibara, kwa kuwa nimekuwa nikimwandika vipande vipande.

Ndiye msimamizi wetu sisi watatu wa kituo hiki, yaani Pacha, Sharubu na mimi, na ndiye mratibu wa mtandao mzima. Mtandao una wanafunzi watafiti kumi waliotawanywa katika nchi kadhaa, na Mfuko wa umma unatulipa mishahara ili tufunzwe utafiti wa kuhifadhi nafaka. Kanuni ya kwanza kabisa ni kuhama: hakuna anayeajiriwa katika nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo sote watatu ni wageni hapa, na vibali vyetu vya kuishi vinaning'inia kwenye mikataba yetu. Mkataba ukianguka, kibali nacho kinaanguka.

Jina la Mama Ibara alilipata kwa kuwa hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kutaja ibara fulani ya makubaliano. Wengine wanamkimbia kwa hilo. Mimi nilimpenda kwa hilo. Wiki yetu ya kwanza alitukalisha darasani akatufundisha haki zetu, moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kurudi nyumbani. "Wasimamizi wengi hawawaambii haya," alisema. "Mimi nawaambia, ili asije mtu akawachezea." Alipofika likizo ya uzazi alichora mstari ubaoni, akauacha, akaruka nafasi, akauendeleza. "Mkataba unasimama. Unajifungua, unalea, unarudi, miezi yako unaikuta pale pale ulipoiacha. Hauliwi hata mmoja."

Sijawahi kuwa na mwalimu wa namna hiyo. Nilimwandikia mama yangu wiki ile ile: nimepata mama wa pili.

Jumatatu, 10 Machi

Pacha kamwambia. Mama Ibara aliinuka kitini, akamkumbatia, akafunga dirisha ili asipigwe na upepo. Akasema kuanzia leo asikanyage chumba cha kufukizia dawa. Sawa kabisa, moshi ule unaua fukusi na hauchagui. Pacha alitoka analia kwa furaha.

"Nilikwambia," nikasema.

"Uliniambia," akasema.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Sharubu anamwambia Pacha aweke kipaza tumboni tusikie kama na huyo anatafuna. "Akianza kutafuna mahindi yangu ya majaribio, namtaja kwenye ripoti." Huyu bwana hana jambo asiloligeuza mzaha. Siku tuliyopiga kura ya mwakilishi wa wanafunzi wote kumi, yeye ndiye aliyenipendekeza: "Tumchague huyu, anapenda kukasirika, tusimnyime kazi." Wakacheka, wakanichagua. Ni mtu mzuri wa kupitisha naye mchana, lakini ukimfukua huoni kitu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo Mama Ibara kaniita ofisini kwake. Dari linavuja kona moja, ameweka ndoo, na muda wote tulioongea matone yalikuwa yanaanguka humo. Ameniuliza habari za nyumbani, akanimiminia chai. Kisha akachukua karatasi akachora ule ule mstari wa miaka miwili iliyopita: mstari, nafasi, mstari. Nilitabasamu. Halafu mwishoni upande wa kulia akachora mstari mwingine, wa wima, mnene, akaurudia kwa kalamu.

"Huu ni mwisho wa mtandao. Ukuta. Ukishafika hapa, Mfuko haulipi tena hata senti. Sasa tazama miezi ya Pacha akitoka likizo."

Ilikuwa imepita ukuta.

"Inakwenda wapi?" nikauliza.

"Fedha yake inarudi Mfuko. Lakini mkataba wake unabaki."

"Nani atamlipa?"

"Kituo," akasema. "Ndivyo kanuni inavyosema. Kituo ndicho mwajiri."

"Basi kituo kitalipa."

Alicheka kidogo, bila ubaya. "Mwanangu, kituo hiki kinaweka ndoo chini ya dari."

Akanieleza mengine polepole. Kama Pacha angeondoka mwenyewe, kwa hiari, kabla msimu huu haujaisha, nafasi ingetangazwa upya na mtu mwingine angeitumia miezi iliyosalia kabla ya ukuta. Mradi wa sauti ungekamilika. Fedha isingerudi. Kituo kisingedaiwa chochote.

"Unamfukuza," nikasema.

"Hapana. Kumfukuza ni kuvunja kanuni, na mimi sivunji kanuni. Unajua hilo." Alikunja karatasi mara mbili. "Namwomba. Kuomba si kosa. Nami nakuomba wewe usimpe presha. Wewe ni rafiki yake, akikusikia wewe unapiga kelele ataona kuna vita. Hakuna vita hapa."

Nilitoka bila kumaliza chai. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba hakuna aliyedanganywa. Kanuni ni zile zile alizotufundisha kwa mdomo wake. Tunazijua sote watatu kwa moyo. Alitufundisha pa kupita ukitaka kurudi nyumbani, sasa amesimama hapo hapo anakusihi kwa upole upite kwingine.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia Pacha kelele. Nimemwambia akatae, aandike, apambane, mimi ni mwakilishi, nitalipeleka jambo mpaka Mfuko wenyewe. Alikuwa amekaa juu ya gunia anakula chungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Acha kwanza. Nina kichefuchefu."

Nikaondoka nimeudhika. Mtu unamletea panga, yeye anakula chungwa.

Jumapili, 23 Machi

Mama kapiga simu. Nimemsimulia yote. Nikadhani simu imekatika.

"Mama, upo?"

"Nipo. Nafikiri. Mwanangu, wewe huko kilikupeleka nini?"

"Masomo, mama."

"Basi soma. Mambo ya tumbo la mwanamke mwingine yanamhusu yeye na mumewe. Wewe ukifukuzwa, huyo rafiki yako ndiye atakayekuja kukupokea stendi?"

Jumatatu, 31 Machi

Magunia ya safu ya chini yameota ukungu. Siku nzima kuyapanga upya.

Jumatano, 2 Aprili

Tangazo limebandikwa ukumbini, na limeshasambazwa vyuoni: Nafasi moja ya mtafiti mwanafunzi, utambuzi wa wadudu wa nafaka kwa njia ya sauti. Ni jina la mradi wa Pacha, neno kwa neno. Yeye mwenyewe yuko mlango wa tatu kutoka hapo, anapima unyevu.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mama Ibara. "Limewezaje kutoka na mwenyewe yupo?"

"Ameridhia," akasema, hakuacha kuandika. "Tumeshaongea. Ataondoka mwisho wa Juni. Anataka kujifungulia kwao, karibu na mama yake na mumewe. Hata wewe ungetaka."

"Kasema hivyo?"

"Mwanangu, sasa unaniuliza kama polisi."

Nikaona aibu. Nikaomba radhi. Nimeomba radhi! Nilipopita chumba cha chupa Pacha alinyanyua mkono kunisalimu, nami nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Kama ameridhia, angeniambia mimi kwanza. Mimi niliyekuwa tayari kuungua kwa ajili yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Sijaongea na Pacha. Kahamia dawati la dirishani, anasema harufu ya kahawa yangu inamkera. Sawa.

Alhamisi, 10 Aprili

Kanuni inataka jopo la usaili liwe na mwanafunzi mtafiti mmoja, na ripoti ya jopo iwe na saini yake. Bila saini hiyo Mfuko hautambui ajira. Iliwekwa ili wasimamizi wasiajiri wapwa zao. Mama Ibara ameniomba niwe mimi.

Nilisita. Akasema, "Wewe ndiye mwakilishi. Nikimweka mwingine watu watauliza." Kisha, tukiwa tumeshafika mlangoni, kama jambo lililomjia hivi hivi: orodha ya wanaokwenda taasisi mwenza mwakani imeanza kupangwa, na mimi ni wa kwanza. Taasisi hiyo ndiyo yenye mashine ya kupiga picha ndani ya punje bila kuipasua. Nimeiota mashine hiyo tangu shahada ya kwanza. Ninachokijua sasa kwa kusikia ningekiona kwa macho: jinsi wanavyochimba, wanavyogeuka, wanavyoacha ganda tu.

Nimekubali jopo. Nimejiambia kuwa nikiwa ndani nitahakikisha haki inatendeka. Sentensi hiyo nimeiandika, nimeisoma, na siipendi.

Jumanne, 22 Aprili

Waombaji wengi mno. Kuna daktari wa falsafa anaomba kuwa mwanafunzi tena.

Jumatano, 30 Aprili

Pacha kapita ukumbini leo akaona ratiba ya usaili ukutani, na jina langu chini yake. Alisimama hapo akaisoma kwa muda mrefu kuliko ratiba yenyewe ilivyohitaji. Nilikuwa nyuma yake na chupa mbili mkononi. Aligeuka, akanipisha njia kama unavyompisha mgeni wa kituo.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya usaili. Naandika yote, maana kesho nitaanza kuyapunguza.

Mvua ilianza alfajiri na haikukatika. Tulikaa ofisini kwa Mama Ibara. Jopo lilikuwa yeye, mzee mmoja wa taasisi mwenza aliyesoma simu chini ya meza tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi. Waombaji walikuwa watatu. Wa kwanza alijisifu. Wa tatu aliogopa mpaka akasahau jina la chuo chake. Wa pili ndiye wa kuandikwa.

Aliingia viatu vimejaa maji, akavivua mlangoni, soksi akazikunja akazishika mkononi kama barua. "Samahani jamani, barabara imekuwa mto." Alikaa peku mbele yetu akajibu kila swali vizuri, kwa utulivu wa mtu aliyelala na kitabu. Mama Ibara alikuwa ananitazama akiitikia kwa kichwa: huyu, huyu.

Mwisho akaulizwa kama ana swali.

"Ninalo moja. Mradi umeshafika nusu. Aliyekuwa anaufanya amekwenda wapi?"

Matone ndani ya ndoo. Mzee wa taasisi mwenza akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Ameamua kuendelea na mambo ya familia," akasema Mama Ibara.

Kisha, kwa kawaida ya kituo, ikabidi atembezwe maabara. Mama Ibara alikuwa amemwambia Pacha asije leo, apumzike. Lakini fukusi hawajui usaili. Alhamisi ni siku ya kuwabadilishia nafaka, na hakuna anayeijua kazi hiyo ila yeye. Tulipofungua chumba cha chupa alikuwa amesimama katikati, tumbo mbele, chekeche mkononi.

Yule wa soksi akatabasamu. "Hongera, dada. Wewe ndiye utakayenifundisha?"

Pacha hakumtazama Mama Ibara. Alinitazama mimi.

"Inaonekana hivyo," akasema.

Akachukua hedifoni, akazipangusa kwa ukingo wa koti lake ambalo sasa linaanza kumbana tumboni, akamvika yule dada kichwani. Akachomeka kipaza ndani ya chupa. "Sikiliza."

Nilikuwa naijua sauti aliyokuwa anaisikia. Niliona uso wake ukifunguka kama wangu ulivyofunguka mwaka juzi. Halafu niliona macho yake yakishuka kwenye tumbo la Pacha, yakaenda kwenye dawati la dirishani lenye sweta na kikombe cha mtu, yakaenda kwa Mama Ibara, yakarudi. Akavua hedifoni taratibu.

"Wanafanya nini?" akauliza.

"Wanakula," akasema Pacha.

Jioni nilimkuta yule dada langoni, amejibanza chini ya kibanda cha mlinzi anasubiri mvua ipungue, soksi bado mkononi.

"Yule mjamzito ndiye mwenye nafasi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Anataka kuondoka?"

"Wanasema ameridhia."

"Wanasema." Alizikamua soksi, maji yakatiririka. "Nyie mnashinda chumba kimoja naye, na bado ni wanasema?"

Nikayatazama maji yale chini.

"Sikiliza, dada yangu. Mimi nina shahada mbili, na kwetu ng'ambo ya mpaka nalala sebuleni kwa kaka yangu, na wifi yangu ananitilia sukari kwenye chai yeye mwenyewe ili nisizidishe. Wakinipa, nachukua. Usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya," nikasema. Nilimwona mbaya mpaka nilipofika chumbani kwangu. Hapo nikajiona mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Wanasema. Neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda chumba cha chupa asubuhi, Pacha akiwa peke yake. Nimesimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi.

"Unataka nini?" akasema.

"Nataka kukuuliza jambo moja, kisha ukitaka nifukuze. Ulipokubali kuondoka, kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

Aliweka chekeche chini. "Nilipokubali lini?"

"Mwezi wa tatu. Kabla ya tangazo."

"Nani kasema nimekubali?"

"Mama Ibara."

Akakaa juu ya gunia, taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Mimi kaniambia wewe ndiye uliyekubali," akasema. "Kaniambia wenzangu wameshaafiki, kwamba wewe kama mwakilishi umeona ni busara, ndiyo maana umeingia kwenye jopo. Kasema, hata pacha wako ameelewa, umebaki wewe tu. Nikaona jina lako ukutani."

"Kwa hiyo hujasaini kuondoka?"

"Sijasaini kitu. Barua iko kwenye begi, kaiandika yeye, kanipa nisaini tu. Kila siku naitoa, naitazama, nairudisha. Nilikuwa nasubiri uje unieleze mwenyewe kwa mdomo wako. Nikasema, akija akaniambia, nitasaini. Hukuja."

"Nilikuwa nimekukasirikia."

"Na mimi."

Mwezi mzima na zaidi, katika chumba kimoja, kila mmoja ameshiba hasira aliyopakuliwa na mtu mwingine. Hatukuwa tumegombana hata siku moja. Tulinyamaza tu, na kunyamaza huko ndiko kulikohitajika. Nilitaka kucheka, sikuweza. Pacha ndiye aliyecheka, akashika mbavu, akasema mtoto kapiga teke.

Sharubu akaingia na gunia, akatukuta hivyo. "Mmeshaacha kununiana? Nilikuwa nimeshapanga nani nirithi kikombe chake."

Nikamwambia yote. Hakushangaa.

"Kwenye hilo jopo aliniita mimi kabla yako," akasema. "Nikamwambia nina tumbo la kuhara."

"Akakubali?"

"Aliniuliza litapona lini. Nikamwambia, Mama, hili ni la msimu mzima." Akatua gunia, akajifuta sharubu. "Mimi si jasiri kama wewe. Mimi nikiona shimo napita pembeni."

Mwezi wa tatu niliandika hapa kwamba ukimfukua huoni kitu. Nimerudi nikalisoma. Alikataa bila kelele kile ambacho mimi, mpenda haki, nilikikubali kwa heshima zote, na mashine ya picha juu yake.

Jumatano, 14 Mei

Ripoti ya jopo iko mezani kwangu. Wa soksi ndiye wa kwanza. Saini mbili tayari.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua inaanza kuchoka. Mama Ibara ameuliza ripoti. Nimesema bado naisoma.

Alhamisi, 22 Mei

Ameuliza tena.

Jumanne, 27 Mei

Leo hakuuliza. Ameniita.

Ndoo imeondolewa, dari limebaki na doa kama ramani. Hakunimiminia chai.

"Una tatizo gani na ripoti?"

"Ulimwambia Pacha nimekubali. Ukaniambia mimi amekubali."

Nilitegemea akatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Nyote wawili mlikuwa mnaelekea huko. Niliwasogeza tu."

"Ulitufundisha wewe mwenyewe. Uliuchora ule mstari ubaoni. Hauliwi hata mmoja, ulisema."

"Nilikuwa naamini. Bado naamini, kituo kikiwa na fedha." Alinitazama kwa uchovu nisiowahi kumwona nao. "Mimi nilipopata mtoto wangu wa kwanza nilikuwa msaidizi wa utafiti hapa hapa. Nilirudi nikakuta mwanaume anakaa kwenye kiti changu. Hakuna aliyeniomba. Hakuna aliyenikumbatia wala kunifungia dirisha. Nilipigwa na mshangao mlangoni na maziwa yanavuja kwenye blauzi. Lakini mimi nimemwomba Pacha. Nimempa heshima ambayo mimi sikupewa."

Nilimwona, kweli nilimwona, msichana mlangoni na blauzi iliyolowa. Ndipo ikanijia kwamba yule mtu kwenye kiti naye huenda alisailiwa vizuri, na jopo likasaini.

"Ukiisaini," akasema, "mradi unaishi, yule binti wa watu anapata kazi, Pacha anajifungulia kwao na barua nzuri ya sifa kutoka kwangu, na wewe unakwenda kwenye mashine yako. Usiposaini, kituo kinaingia deni, na Mfuko unaanza kuuchunguza mtandao mzima. Nani anafaidi? Nitajie mtu mmoja."

"Pacha."

"Pacha anataka amani."

"Nitamuuliza," nikasema. "Safari hii nitamuuliza mwenyewe."

Jumatano, 28 Mei

Nimemuuliza. Nilimwambia: ukitaka nisaini, nasaini leo, nami sitakulaumu maisha yangu yote. Alikuwa na kipaza mkononi.

"Ukikataa, utapoteza mashine."

"Ndiyo."

"Na Mama Ibara hatakusamehe."

"Ndiyo."

"Wewe unapenda sana kukataa," akasema. "Wakati mwingine naogopa unakataa kwa ajili yako, mimi ni sababu tu."

Iliniuma kwa sababu ni kweli kidogo. Nikamwambia ni kweli kidogo.

"Basi sawa," akasema, akatoa barua kwenye begi, ile ya kuondoka, isiyo na saini, akaiweka chini ya chupa ya mahindi ili isipeperuke. "Usisaini. Miezi yangu naitaka."

Jumatatu, 2 Juni

Jua, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Magunia yameanikwa uwanjani. Sharubu anayapindua huku anaimba vibaya.

Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wanaokwenda taasisi mwenza. Karani kaniambia huku anatazama pembeni. Mama Ibara amepita mbele yangu ukumbini mara mbili, na mara zote mbili amesema "habari za asubuhi," kwa sauti anayowatolea wakaguzi. Yule wa soksi amenipigia simu. Hakutukana. Aliuliza tu kama ni kweli nafasi imefutwa, nikasema ni kweli. Akasema, "Haya. Wifi ataendelea kunipimia sukari." Akakata. Kwake sina neno, wala sitajitafutia. Mama yangu bado sijamwambia. Nitasikia tu pumzi zake kwenye simu.

Maana jambo lenyewe limeshafanyika. Ijumaa niliichukua ripoti ya jopo, sikuweka saini. Kwenye nafasi ya maoni ya mjumbe niliandika sentensi moja, nikaituma mwenyewe kwa afisa wa Mfuko, kama mwakilishi anavyoruhusiwa, na nakala nikaiacha mezani kwa aliyenifundisha kwamba naruhusiwa. Niliandika: Nafasi hii haiko wazi, ina mtu.